Mguu wa Kulia Waripoti Kazini

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, Mwamshaji alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa gereji ya ofisi ya maji, akamsalimia Bibi.

Bibi alikuwa pikipiki. Alikuwa mkongwe kuliko kila mtu aliyekula mshahara wa ofisi ile: mweusi, tangi lake limevimba kama shavu la mtoto mwenye pipi, kiti chake cha ngozi kimepasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Hakuwa na kitufe cha kuwashia. Alitaka kiki, na kazi ya Mwamshaji ilikuwa hiyo tu, kumpiga kiki. Bibi akishaunguruma, mfungua maji, mtu mfupi mwenye ufunguo mrefu mgongoni, alimpanda na kwenda kufungua mabomba ya mitaa ya juu. Bibi asipoamka, mitaa ya juu haioni maji. Mtaa wa Mwamshaji haukuona maji hata siku Bibi alipoamka vizuri, lakini hayo yalikuwa ya idara nyingine.

"Bibi hapigwi teke," Mwamshaji alizoea kumwambia mfungua maji. "Bibi anaamshwa. Wewe bibi yako ulimwamsha kwa teke?"

"Mimi bibi yangu ndiye aliyekuwa akiniamsha kwa teke," alijibu mfungua maji.

Kumwamsha kulikuwa na utaratibu, na Mwamshaji hakuuruka hata siku za mvua. Kwanza alimsimamisha kwenye stendi yake, sakafu ikiwa kavu. Akafungua koki ya mafuta. Akabonyeza kipini kidogo cha kabureta mpaka petroli ikalowesha ncha ya kidole. Kwenye usukani, upande wa kushoto, kulikuwa na wenzo mdogo wa kuchelewesha cheche. Akaurudisha nyuma mpaka mwisho. Kisha, swichi ikiwa bado imezimwa, akakanyaga kiki polepole mpaka ikakataa. Hapo ilipokataa ndipo pistoni imepanda hadi juu kabisa, imebana pumzi. Mtu mjinga hulazimisha hapo hapo. Mwamshaji alibana wenzo wa pili, ule wa kumtoa Bibi pumzi, akaisogeza kiki upana wa kidole kimoja tu kuvuka ule ugumu, akaachia, kiki ikapanda juu yenyewe. Ndipo akawasha swichi. Akaweka katikati ya unyayo juu ya kiki, si kisigino wala vidole, goti limelegea, mkono wa mafuta umetulia. Halafu akashuka na uzito wake wote hadi chini, bila kuishia njiani, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba aliyozaliwa. Bibi akaamka. Mara moja, tena bila kelele za kujionyesha.

Miaka ishirini na miwili ilikwenda hivyo.

Wenzo ule wa kuchelewesha cheche ulifanya kazi kwa kamba ya chuma, nyembamba, urefu wa mkono wa mtu mzima. Cheche ikicheleweshwa, pistoni husukumwa kwenda mbele. Cheche ikiwahi, pistoni hurudi ilikotoka, kiki nayo inarudi, na mguu unarudi na kiki. Mwaka ule kamba ilikatika. Mwamshaji akajaza fomu ya kuomba kamba. Akajaza ya pili. Alijaza kumi na moja. Wakati akisubiri, alichomeka kijiti cha kiberiti pembeni mwa injini, pale kamba ilipokuwa ikivuta, na kijiti kikashikilia cheche nyuma kama kawaida. Kila asubuhi kijiti kipya.

Alhamisi moja wakatarajiwa wageni. Mkuu wa ofisi alishuka gerejini mwenyewe kuangalia usafi. Mwamshaji alikuwa ameinama kwenye koki ya mafuta. Mkuu akapitisha kidole kwenye injini, akakuta kijiti, akasema, "Hata uchafu hamuoni?" Akakichomoa. Kwa kuwa alikuwa ametoka kunywa chai, akakitumia kuchokoa meno.

Mwamshaji akainuka, akatafuta ugumu, akauvuka kwa upana wa kidole, akawasha, akashuka.

Mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili kati ya goti na kifundo.

Ripoti ya ajali iliandikwa na mkuu siku hiyo hiyo, kijiti kikiwa bado mdomoni. Ilisema: uzembe wa mfanyakazi, alipiga kiki bila kuhakikisha kijiti kipo. Chini yake ikaongezwa kwamba kijiti hicho hakimo kwenye orodha ya vifaa vya ofisi, na kwamba kuanzia leo viberiti ni marufuku gerejini, kwa usalama.

Hospitalini walijaribu wiki mbili. Kisha wakaukata mguu juu kidogo ya goti.

Mke wa Mwamshaji alikuwa mshonaji, mwenye cherehani ya kukanyaga karibu na dirisha. Aliushonea mguu mfuko wa kitambaa cheupe, mshono mara mbili, akauzika nyuma ya jiko karibu na jiwe la kufulia. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, alitoka na ndoo akakuta udongo umefunguliwa kwa adabu, kama mtu aliyefunua shuka bila kuvuruga kitanda. Mguu ulikuwa umesimama mlangoni. Ulikuwa umeshaingia kwenye buti la kazi.

Mshonaji akaweka ndoo chini, akapiga goti, akaufunga kamba za buti. Mtu hawezi kwenda kazini kamba za viatu zikining'inia, ataanguka.

"Nani huyo?" mume aliuliza kutoka kitandani.

"Mguu wako. Unakwenda kazini."

"Ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili na robo."

"Utawahi," akasema.

Uliwahi. Mtunza stoo, ambaye ndiye aliyeweka daftari la mahudhurio, aliandika: *Mguu, saa moja na dakika ishirini na tano.* Mfungua maji akafungua mafuta na kubonyeza kabureta, kwa sababu mguu haukuwa na vidole vya kufanyia hayo. Mguu ukapanda kwenye kiki, ukatafuta ugumu, ukauvuka, ukashuka. Mkuu alisimama dirishani akaona Bibi anaunguruma.

"Huyu angalau haombi vifaa," alisema.

*

Mwamshaji na mkewe walipendana kwa vitendawili. Enzi za uchumba Mwamshaji alimtegea kimoja kila asubuhi kupitia dirishani, naye akamletea jibu jioni, na jibu likikosekana alidai mji, na miji aliyopewa ilikuwa mingi mpaka ikabidi amuoe aitawale yote pamoja naye. Ndivyo alivyowasimulia watu. Hata baada ya ndoa hakutoka nyumbani bila kutega.

Jumatatu ile, saa moja na nusu kamili, akiwa amelala chali, aliona paja lake fupi linajinyanyua kidogo chini ya shuka, kisha linashuka. Akahisi ubaridi wa sakafu ya gereji kwenye unyayo aliokuwa hana.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nimekwenda kazini, nimebaki kitandani."

Mkewe alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Jibu alilijua, lakini alisema, "Umenishinda. Chukua mji," ili acheke. Akacheka.

Jumatano hakucheka. Bibi alirudisha kiki. Hakukuwa na kamba, kijiti kilikuwa marufuku, na mguu peke yake, hata ukiwa na ujuzi wa miaka ishirini na miwili, hauwezi kuishika cheche. Mwamshaji aling'ata mto mpaka pamba ikamjaa mdomoni. Mchana kisiki kilikuwa kimevimba, kimeng'aa kama biringanya. Ijumaa Bibi akarudisha tena.

Daktari alikibonyeza kisiki kwa kidole gumba. Akasikiliza habari za mguu kwenda kazini, akaziandika kwenye kadi.

"Upumzishwe," alisema.

"Tumeuambia," alisema Mshonaji.

"Kikivimba hivi tena itabidi tukate juu zaidi." Daktari akatazama paja. "Na huko juu hakujabaki mahali pengi, mama. Tukifika kwenye nyonga, hatuna la kukata tena."

Mshonaji akafunga cherehani yake kwa kitambaa siku hiyo, akaenda ofisini.

"Karibu, shemeji," alisema mtunza stoo. Alikuwa mtu mwema, alicheza kwenye harusi yao mpaka akapasua suruali. "Mguu wenu umefika kabla yangu tena leo."

"Nimekuja kwa ajili ya kamba ya Bibi."

"Kamba ipo." Akaonyesha kwa kidevu. Ilining'inia nyuma yake ukutani, imekunjwa duara, bado iko ndani ya karatasi yake ya grisi. "Mumeo alivunjika Alhamisi, yenyewe ikaingia Ijumaa."

"Basi nipe nimpelekee mfungua maji aifunge."

"Lazima fomu, shemeji. Fomu ya kuomba ameshajaza, Mungu amjalie, tena kumi na moja. Hii ni ya kupokea. Inajazwa na mtumiaji wa kifaa, na lazima awe yuko kazini. Mumeo yuko kazini?"

"Yuko kitandani."

"Nani yuko kazini?"

"Mguu wake."

"Basi ujaze mguu."

"Mguu hauna mkono."

"Hapo ndipo penye tatizo," alisema mtunza stoo, na macho yake yalilowa kweli.

"Ajaze mfungua maji, yeye si anampanda?"

"Yeye ni mpandaji. Kamba ni ya mwamshaji."

"Basi nipeni mguu wangu nirudi nao."

"Ni mtumishi huo sasa. Mtumishi akitaka kuacha kazi, anaandika barua."

"Kwa mkono upi?"

"Ndiyo hivyo, shemeji," alisema mtunza stoo. Akampa kiti, na maji ya kunywa.

Hakukaa. Alikwenda gerejini. Mguu ulikuwa pembeni mwa Bibi, buti limepigwa rangi, mfuko mweupe aliouzikia umekunjwa vizuri juu ya goti kama soksi. Mshonaji akachutama mbele yake.

"Twende nyumbani," akauambia. "Mwenzio anakufa."

Ncha ya buti ikageuka kidogo kumwelekea. Ikakaa hivyo kwa muda, kama mtu anayefikiri. Kisha simu ikalia ofisini, mkuu akaita kwamba mitaa ya juu wanalalamika, Bibi amezimikia njiani amesukumwa kurudi, awashwe upesi. Buti likageukia kiki. Miaka ishirini na miwili si mchezo. Mguu ulikuwa haujui kitu kingine.

*

Fundi baiskeli wa kona ya mtaa alisikiliza habari yote huku akipuliza mpira ndani ya karai.

"Dada, hiyo kamba unayoisema ni kama ya breki ya baiskeli," alisema. "Kichwa tu ndicho tofauti, nitakitengeneza. Ila ninayo moja, nayo iko hapo." Akaonyesha baiskeli yake mwenyewe, iliyoegemea ukuta.

"Na wewe utasimamaje?"

"Nitabaki na breki ya nyuma. Ya mbele hurusha mtu kichwa chini miguu juu, afadhali iondoke." Akaichomoa hapo hapo. Nyuzi zake za chuma zilikuwa kumi na tisa, zimesokotwa pamoja; Mshonaji alizihesabu, maana jicho lake lilizoea uzi.

Saa sita, wafanyakazi wakiwa kwenye chakula, aliingia gerejini na kuipitisha kamba kwenye ala yake ya zamani, kutoka kwenye wenzo hadi kwenye injini, kama mtu anayepitisha mpira kwenye kiuno cha sketi. Mfungua maji alikuwa amekaa juu ya debe, anakula.

"Mimi sijaona kitu, shemeji," alisema. "Nikila huwa sioni."

"Wenzo uurudishe nyuma kabla mguu haujapiga kiki. Kila siku."

"Nitaurudisha. Nikishakula huwa naona vizuri."

Siku nane Bibi aliamka mara moja, bila kurudisha. Nyumbani, saa moja na nusu, paja la Mwamshaji lilinyanyuka na kushuka kama mtoto anayepumua usingizini. Uvimbe ukashuka. Siku ya sita alikaa mlangoni kwenye jua. Siku ya saba alitega.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nikimpiga hatoki, nikimbembeleza ananibeba."

"Bibi."

"Wapi! Wewe."

Mshonaji alimrushia kipande cha chaki ya kuchorea nguo, kikampata shavuni.

Siku ya tisa ilikuwa ya kukagua mali ya ofisi. Mkuu alishika daftari, mtunza stoo akasoma, na vitu vikalingana: viti kumi na vinne, ngazi moja, funguo za koki tatu. Kwa Bibi havikulingana. Daftari lilisema kwamba pikipiki haina kamba ya wenzo wa kushoto, na pikipiki ilikuwa nayo.

"Imetoka wapi?" aliuliza mkuu.

Mfungua maji alikuwa hali kitu wakati huo, kwa hiyo aliona. "Ya mke wa Mwamshaji."

"Ofisi haiwezi kutumia mali ya raia," alisema mkuu. "Kesho ikikatika, tutamlipa nini?" Na alisema hivyo kwa nia njema kabisa. Kamba ikachomolewa, ikafungwa kwenye bahasha, ikaandikwa *irudishwe kwa mwenyewe*. Kamba ya ofisi ilikuwa ukutani, hatua sita kutoka pale, kwenye karatasi yake ya grisi. Ilikaguliwa nayo. Moja. Ikalingana.

Kesho yake, saa moja na nusu, Mshonaji alikuwa akikanyaga cherehani aliposikia mfupa ukivunjika. Ulikuwa mbali, ng'ambo ya mitaa mitatu, lakini sauti ilitokea kitandani.

*

Mguu uliletwa mchana na mfungua maji, ndani ya boksi la mita za maji. Buti halikuwemo, lilikuwa la ofisi. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Niliurudisha nyuma ule wenzo, shemeji," alisema. "Nilisahau kwamba hauna kitu."

Mshonaji akampokea boksi. Aliuzika tena pale pale. Safari hii haukutoka, ulikuwa umechoka. Jioni daktari alikata pale juu palipokuwa pamebaki, na akasema hapo ndipo mwisho, na kwamba mtu huyu akitikiswa tena asiletwe kwake, aletewe shuka.

Mwamshaji aliishi. Wiki ya tatu alianza kunywa uji mwenyewe. Wiki ya nne ikaja barua kutoka ofisini, na ndani ya barua ile bahasha ya kamba ya baiskeli. Mshonaji alisoma kwa sauti, polepole, kidole chini ya kila neno.

Ofisi inashukuru kwa utumishi wa mguu wa kulia. Nafasi iko wazi. Kwa kuwa mguu wa kushoto umesimama kando ya kazi hiyo kwa miaka ishirini na miwili, unafahamu utaratibu. Unatakiwa kuripoti Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Buti litatolewa.

"Wa kushoto haujui kitu," alisema Mwamshaji. "Kazi yake ilikuwa kushika ardhi tu."

"Watasema utajifunza."

"Mwandikie mkuu kwamba nao umekatwa."

"Nitaandika." Akaandika, na kupeleka. Mtunza stoo akaipokea, akapiga muhuri, akaonyesha kwa kidevu pale ukutani kwamba kamba bado ipo, fomu tu, shemeji.

Jumapili Mwamshaji alitazama vidole vyake vya kushoto vikigeuka chini ya shuka, kimoja kimoja, kuelekea mlangoni. Hakuvizuia. Vilikuwa vidole vyake, alivijua: vilikuwa vimesikia barua ikisomwa, navyo viliona aibu kukaa bure. Safari hii mguu ulikuwa bado umeshikamana na mwili. Ungeondoka, ungeondoka naye.

Mshonaji akachukua kamba ya breki. Akauzungushia mguu kitambaa laini kwenye kifundo, tabaka tatu ili usichubuke, akapitisha kamba juu yake, akaifunga kwenye chuma cha kitanda kwa fundo la cherehani, lile lisilofunguka likivutwa.

Tangu hapo, kila siku ya kazi, saa moja na nusu, kitanda husogea kuelekea mlangoni, upana wa kidole kimoja. Mshonaji hukirudisha kwa nyonga yake, kisha huinjika chai. Watu wa mitaa ya juu huleta malalamiko ofisini, na mkuu huwaambia kwamba mtumishi mpya yuko njiani.

"Kitendawili," Mwamshaji alisema asubuhi moja, kitanda kikiwa kimesharudishwa.

"Tega."

"Mwembamba kama uzi, ananilinda bila kulala."

Mshonaji hakutoa mji. Alikuwa amechutama miguuni pa kitanda, na jibu lilikuwa mkononi mwake. Alilipitisha kwenye ncha za vidole, taratibu, kama anavyokagua mshono wa mteja. Nyuzi zilikuwa kumi na tisa. Alihesabu kumi na nne, akahesabu tena.

"Bado nafikiria," alisema, akaenda kutazama chai.